Matanga ya Mtu Hai

Wanaume wa rika la kaka yangu, ukiwauliza leo kwa nini walivuka kwenda Goma kuandikwa usoda, yaani uaskari, hukupa maneno makubwa. Mmoja alitaka kuona dunia. Mwingine alipenda nidhamu. Wa tatu, eti, alitaka kulinda raia na mali zao. Mimi huwaacha waseme, kisha naingia jikoni nicheke peke yangu. Nilikuwepo. Niliwaona vijana watatu wakiondoka asubuhi moja kutoka barazani petu, na kila mmoja nilijua anakimbia nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa kutosha kuposwa ila mposaji alikuwa hajatokea. Tulikaa mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, ule uliokuwa nyuma ya maduka, mbali kidogo na nyumba nzuri za Wazungu zilizotazama ziwa. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikalia baraza ya duka la Mhindi kwenye barabara ya kwenda mpakani, na kazi iliyotulisha ilikuwa kaki. Sisi wa Ruanda hatukuwa na jeshi letu. Jeshi lilikuwa la Kongo, chini ya Wabelgiji haohao waliotutawala sote, na maaskari waliposhuka Goma kutoka kambini Rumangabo, walivuka kuja kwa baba wapunguziwe suruali. Serikali iliwashonea nguo za kumtosha mtu yeyote, maana yake hazikumtosha yeyote.

Kaka yangu aliponzwa na kioo. Sajini mmoja alileta kaki ipunguzwe kiunoni, na kaka, badala ya kupunguza, akaivaa. Alisimama mbele ya kioo cha mama muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mimi siku ya Idi. Baba alipita mlangoni, akamwambia avue nguo ya watu. Kaka akavua, lakini alikuwa ameshajiona. Tangu hapo kila suruali aliyoshona aliishona kwa kununa. Alisema amechoka kuwatengeneza wanaume wenzake wapendeze. Njaa hakuijua, deni hakulijua, cherehani ya pili ilikuwa yake na ya kwanza ingekuwa yake baba akizeeka. Aliingia jeshini kwa sababu kaki ilimkaa vizuri, na mtu asinidanganye kuhusu kulinda raia.

Wa pili alikuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alikuwa na malori yaliyopanda Mudende na Bugeshi kuchukua viazi, na kule juu kwenye baridi hapakuwa na mkulima asiyemjua. Kijana hakuweza kununua hata karanga bila kuulizwa hali ya mzee. Alikuwa ameshatafutiwa binti wa ami yake, ameshawekewa siku, ameshaoneshwa chumba. Alituambia anataka kwenda mahali ambapo jina la baba yake halimwambii mtu kitu. Sisi tulimwona ana wazimu. Ningekuwa mimi nina malori, ningekaa.

Wa tatu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Mama yake alikuwa mjane wa Nyamyumba, mwuza samaki. Siku za soko alikuja na beseni kichwani, na kabla hajafika sokoni alipitia kwetu, mama achague kwanza. Walipendana. Walikaa kwenye jamvi la jikoni, wakaitana dada, wakasema watu. Alikunywa chai yetu, akala viazi vyetu, ila nyama hakugusa, kwa sababu kwao mapadri walikuwa wamewafundisha kwamba mkono uliochinja kwa Mungu mwingine unatia mtu najisi. Sisi tulilijua hilo, na mama alimwekea maharage. Kijana wake alimbebea mzigo njia nzima, akamwacha sokoni, akaja barazani kwa baba kupiga pasi ya makaa. Hakuwa na viatu. Alikuwa mpole, mwenye kucheka chini kwa chini, na aliipenda ile pasi kwa kuwa asubuhi za ziwani zina ubaridi wake.

Alichokuwa anakikimbia yeye hakikuhitaji kioo. Kila nyumba ya vilima vile ilidaiwa na chifu siku za kazi: barabara, mitaro, mashamba ya lazima. Nyumba ya mjane ina mwanamume mmoja, kwa hiyo yeye alifanya zamu za marehemu baba yake pamoja na zake. Akichelewa kwa sababu ya samaki, alilazwa chini na kuchapwa kiboko mbele ya watu. Siku moja alikuja kupiga pasi akiwa amesimama tu, hawezi kukaa, na kaka akamwuliza kama anadhani maaskari hawachapwi. Alijibu bila kuinua macho kwenye nguo.

"Wanapigwa. Lakini kule nikipigwa, nitapigwa na mutu ananilisha."

Nimesikia hotuba nyingi za jeshi maishani mwangu, na hakuna iliyonieleza jeshi vizuri kuliko hiyo.

Waandikaji walipofika Goma, wote watatu wakaamua kwenda. Mtu wa Ruanda hakutakiwa; ilibidi kusema wewe ni wa ng'ambo. Hilo halikuwa gumu. Kaka alisema kwao ni Rutshuru, alikozaliwa mama. Mtoto wa tajiri alikuwa na babu aliyetoka Kasongo. Yule wa Nyamyumba alitaja kilima cha mjomba wake aliyehamia Gishari, hukohuko Kongo, na baba akamkopesha viatu vya kujaribia uongo huo.

Mama yake alikuja kuwaaga hapo barazani. Hakupinga. Blanketi, viatu, nyama ya kila juma, hayo yote alikuwa amehesabiwa na mwanawe na akayakubali. Lakini alimshika kaka yangu mkono, si mwanawe, akamtazama sana.

"Mi nakupa ye. We ni mukubwa kwake. Umurudishe vile nakupa."

Kaka akaapa. Mama naye akasema yuko shahidi. Maneno ya kuagana, ya kawaida, na wote tuliyachukulia hivyo.

Mtoto wa tajiri alirudi kabla hatujazoea kukosekana kwake. Baba yake alimfuata na lori, akazungumza na mtu, na yule mtu akagundua kwamba kijana ana kifua kibovu. Alirudi ameketi mbele karibu na dereva, amenenepa, akamwoa binti wa ami yake, na kifua chake kikamvusha miaka themanini. Simchukii. Ila nilipomwona akishuka lorini nilielewa jambo ambalo halijanitoka: vijana watatu waliingia kwa mlango mmoja, lakini mlango wa kutokea ulikuwa wa mmoja tu.

Wale wawili wakabaki. Kaka alipata alichokitaka, akawa mzuri wa kupigwa picha. Rafiki yake akapata viatu, akapata chakula, na akapata jambo moja asilolitazamia. Kambini walioga pamoja, kundi zima, na wenzake wengi walitoka makabila ya Kongo yanayotahiri. Watu wa vilimani kwao hawakutahiri wakati ule. Basi kila siku ya kuoga wakamfanya mchezo. Waliimba kwa Lingala, wakamwita mtoto, wakamwuliza lini atakua. Alivumilia kiboko cha chifu, akavumilia kiboko cha sajini, lakini wimbo ulimshinda. Kaka, aliyetahiriwa mdogo kama watoto wote wa mtaa wetu, alimwambia ni jambo jepesi, muuguzi wa kambi anamaliza kabla hujapiga kelele. Akaenda. Akapona. Wimbo ukakoma.

Hapa lazima nieleze neno, maana kila kitu kilivunjikia hapo. Kwa Kinyarwanda cha kwetu, kutahiriwa ni gusiramuka. Na kusilimu, kuwa Mwislamu, ni gusiramuka vilevile. Lilitokana na sisi. Katika nchi ile waliotahiriwa walikuwa Waislamu peke yao, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maneno mawili. Neno moja lilitosha kwa kisu na kwa shahada.

Alikuja likizo ya kwanza asubuhi moja, amevaa nguo za gwaride, maana alitaka mama yake amwone kamili. Kaki imepigwa pasi na mtu aliyejua kupiga pasi. Viatu vimeng'arishwa. Na kichwani tarbushi nyekundu, kwa kuwa jeshi lile siku za gwaride lilivaa tarbushi, Mkristo na mpagani na Mwislamu, wote. Alipita kwetu kwanza na baba akamzungusha akikagua mishono. Tulimsifu mpaka akaona haya. Hatukufikiri lolote, sisi ambao kila Ijumaa tuliona tarbushi vichwani mwa baba zetu. Tulimwona amependeza, tukamwachia aende Nyamyumba hivyohivyo.

Niliyasikia mengine kutoka kwake mwenyewe. Mama yake alimpokea kwa kumkumbatia, lakini macho yalikuwa juu kichwani. Hakuuliza. Majirani walikuja, pombe ikaletwa, vijana wa rika lake wakamchukua waende kuoga kwenye maji ya moto, pale yanapochemka kando ya ziwa, kama walivyozoea tangu utotoni. Alivua nguo bila kukumbuka. Wenzake wakanyamaza. Alidhani wanaangalia makovu ya mgongoni.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Alimkuta mama yake amekaa kizingitini, tarbushi ipo mapajani mwake. Alimwuliza swali moja tu, kwa lile neno. Je, umefanya hivyo, ni kweli? Na yeye, ambaye alikuwa ametoka kuoga na kuangaliwa, alijua anaulizwa kuhusu kisu. Aliona aibu kuzungumza mambo hayo na mama yake mzazi. Akainamisha kichwa, akajibu kwamba ndiyo, ni kweli, na akaongeza kwamba haikuuma sana.

Mama yake alimrudishia tarbushi, akamwambia atoke.

Alifika kwetu kabla ya magharibi, ameishika ile kofia mkononi. Alipotueleza, baba aling'amua mara moja kilichotokea, akapiga paja. Alimwambia arudi asubuhi, aeleze kwa maneno marefu, amtafute hata padri. Lakini likizo ilikuwa fupi na kambi haikujua kusubiri, na yeye alikuwa ameumia. Mtu hupenda mama yake amjue bila maelezo. Alisema mama atatulia, atamweleza likizo ijayo, na alfajiri akaondoka.

Siku ya soko mama yake alikuja. Hakuwa na beseni. Alisimama mlangoni, jamvini hakukaa, na mama akaacha kuchambua mchele akainuka. Mimi nilikuwa na ndoo mkononi na sikujua niitue wapi.

"Nilikupa ye mukristu," akasema. "Mulifanya nini na mutoto yangu?"

Mama alimweleza. Alimweleza kwa Kiswahili, kwamba ni kukatwa tu, muuguzi wa kambi alimkata, hakuna mtu aliyemsomea shahada, na ile tarbushi ni ya serikali. Akaona hafiki popote, akaingia kwenye Kinyarwanda chake cha Rutshuru, na huko ndiko alikozama kabisa, maana alijikuta anasema kwamba kijana amefanya gusiramuka lakini hakufanya gusiramuka. Wakati mwingine wowote tungecheka sote watatu. Mwenzake alimsikiliza kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. Nani alikuwa anamwambia hayo? Mwislamu. Kijana aliondoka na nani? Na mtoto wa Mwislamu. Na mwenyewe si alikubali kwa kinywa chake?

"Afazali angekufa," akasema. "Angekufa, ningejua iko wapi."

Aliyasema bila kupayuka. Wala hakuwa anatutukana; hicho ndicho kilichoniuma na kinachoniuma hadi sasa. Alikuwa anasema tu jambo analolijua. Mtu aliyekunywa chai yetu miaka yote hiyo, aliyenisuka nywele, aliyemshika mama mkono alipofiwa na mtoto mchanga, aliona kwamba mwanawe akiwa kama sisi ni bora azikwe. Nilimtazama mama, nikaona uso wake umefunga. Mama yangu alikuwa mwema, lakini alikuwa na kiburi cha watu waliodharauliwa, na kiburi hicho hakina breki.

"Kama kuwa sawa sisi ni kufa," akasema, "basi alikufa. Enda umulilie."

Yule mama akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolifuata. Akaondoka.

Na alikwenda akafanya kama alivyoambiwa. Tulizisikia habari kwa wauza samaki wengine. Alinyoa nywele. Alizima moto jikoni. Majirani walikuja, wakakaa naye siku zote za msiba kama ada, wakalala pale, wakalia, kisha siku ya kuondoa matanga wakanywa pombe wakatawanyika. Alimlilia mwanawe mzima, aliyekuwa Rumangabo akila posho yake na kupiga mguu chini. Kaburi tu ndilo lililokosekana. Mama aliposikia alikaa chini, akajifunika uso kwa mtandio, na siku hiyo hatukupikiwa.

Ningetamani kusema kwamba kesho yake alifunga safari. Hakufunga. Nyamyumba si mbali, unatembea kando ya ziwa na jua halijakuchoma umefika, lakini mama alisema ataanza kwenda yule aliyekosea kwanza, na huko kwao bila shaka mwenzake alisema hivyohivyo, na wote wawili walikuwa na hoja. Alinunua samaki kwa wengine na kila siku alilalamika kwamba wameoza. Baba alimsema, akanyamaziwa. Nilimsema mimi, nikafokewa. Majuto yana kichekesho chake: wakati ule tulikuwa na muda tele, tukautumia kununa.

Wakati huo kaka na rafiki yake walihamishwa mbali, kambi ya huko chini kwenye mto mkubwa, safari ya treni na meli. Kijana hakujua kuandika. Alituma salamu kwa midomo ya maaskari waliokuja likizo. Mmoja wao, mtu wa Masisi, alikwenda hadi Nyamyumba kuzifikisha, kisha akaja kwetu amechanganyikiwa. Alikuwa ameambiwa mlangoni kwamba nyumba hiyo haina mtoto askari. Ilikuwa na mtoto, naye alikufa, na kilima kizima kilimlilia. Yule askari alituuliza kama amekosea nyumba. Baba alimpa chai. Sijui salamu ile ilimrudia vipi mwenyewe kule mtoni. Kaka alisema baadaye kwamba rafiki yake aliacha kuwatuma watu.

Kisha kaka akaja mwenyewe, peke yake.

Alikuwa amekonda na kaki haikumkaa vizuri tena. Alisema rafiki yake alishikwa na kuhara damu msimu wa mvua, kambi nzima iliugua, wengi walipona na yeye hakupona. Alisema mwishoni aliongea Kinyarwanda kitupu, na hapakuwa na mwingine wa kumjibu ila yeye kaka. Baba aliinua macho kwenye kazi yake akayaweka tena, na cherehani haikuzunguka. Mama hakulia. Alikwenda akavaa nguo za kutokea, akajitanda, akaniambia nivae na mimi.

Tukaenda watatu, yeye, kaka na mimi. Njia nzima mama alitembea mbele yetu.

Tulimkuta nyuma ya nyumba anaanika samaki. Nywele zilikuwa zimeota tena zamani, zimeanza na mvi. Alipotuona aliosha mikono, akatandika mkeka, akatukaribisha kwa adabu anayopewa mgeni asiyejulikana. Kaka akavua kofia. Akamwambia. Alitumia Kinyarwanda, pole pole, na hakuficha kitu.

Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, mikono imetulia.

"Huyo nilishamulilia," akasema.

Tukakaa. Samaki walinuka juani na nzi walikuwa wengi. Nilidhani tutaondoka hivyo, na sehemu moja ya moyo wangu iliomba tuondoke. Kisha akauliza, bila kumtazama kaka, alizikwa namna gani.

"Na padri," kaka akasema. "Alimupaka mafuta mbele ya kufa. Tulimuzika na musalaba. Mi mwenyewe nilibeba."

"Padri gani anazika Muislamu?"

"Hakukuwa Muislamu, mama. Walimukata tu, juu walikuwa wanamucheka. Ulimuuliza, yeye alifikiri unamuuliza ile."

Alilitamka lile neno, gusiramuka, kwa sauti ndogo. Akalitamka tena. Kisha nikaona midomo yake inaendelea kulizungusha, mara hivi, mara hivi, akitafuta ni lipi alilouliza na ni lipi alilojibiwa. Hakuna aliyemsaidia. Hata kaka, ambaye alikuwa ameona watu wengi wakifa, aligeukia ziwani.

Mama yangu akashuka kutoka kwenye mkeka, akapiga magoti kwenye udongo na nguo zake za kutokea.

"Ni mi nilikuambia umulilie," akasema. "Mulomo wangu. Unisamehe, dada."

Hakumsamehe, wala hakumkatalia. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko kiasi cha kutufanya tuogope. Alipotoka alikuwa na wembe na bakuli la maji. Akakaa mbele ya mama, akampa mgongo, akafungua kitambaa cha kichwa. Mama akaelewa. Alimlowesha nywele kwa kiganja, akaanza kunyoa kutokea utosini. Yule mama alikuwa analia sasa, bila sauti, mabega tu. Majirani hawakuitwa. Wangeitwaje? Walikuwa wameshakuja, wameshalala, wameshakunywa pombe ya kuondoa matanga. Msiba ulikuwa umetumika.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu wale watatu. Mwenye malori alikwenda kwa kuchoshwa na alichonacho, kaka alikwenda kwa kupenda kioo, na huyu alikwenda apigwe na mtu anayemlisha, na wote waliandikwa kwa wino mmoja. Kila mmoja alidhani jeshi litambadilisha awe vile anavyotaka. Lilimbadilisha huyu pale tu ambapo mama yake hakuweza kukubali, tena sehemu ndogo namna hiyo. Naumia kwa ajili ya mama yangu, aliyeishi na sentensi ile hadi kufa kwake na hakuisahau hata alipousahau mtaa wake. Namwumia zaidi mwenzake. Mama alikosa kwa ulimi. Yeye hakukosa. Aliuliza vizuri, akajibiwa kweli.

Mama alikuwa anamalizia nyuma ya masikio wakati mwanamke mmoja alipopita kwenye kijia na beseni kichwani. Aliona kichwa kinanyolewa, akasimama, akauliza kwa huruma ni nani amefariki.

"Mwana wanjye," yule mama akasema. Mwanangu.

Jirani alitutazama sisi wageni, akamtazama yeye, akahesabu moyoni.

"Yule si alikufa? Ulikuwa na mwingine?"

"Hapana," akasema. "Nilikuwa na moja tu."

Jirani akaendelea kusimama pale akisubiri aelezwe, na hakuna kati yetu aliyemweleza.